Jikoni na Shangazi: Siagi ya karanga iliyoota ukungu

*Shikamoo Shangazi. Nilinunua kilo moja ya karanga sokoni, nikazikaanga na kuzisaga kwenye blenda ili watoto wapate siagi ya kupaka mkate. Baada ya dakika mbili ikawa unga mkavu umegandia kwenye jagi. Nikatia maji nusu kikombe, ikashikana kama ugali. Siku ya nne ikaota ukungu wa kijani. Nimekosea wapi? Halafu, humo mlikuwa na karanga chache zilizosinyaa na nyingine nyeusi. Niliziacha nikijua moto utaua kila kitu. Nilifanya sawa?*
*Mama wa watatu, Kondoa*

Marahaba, mwanangu. Naanza na hilo la mwisho, maana ndilo lililonishtua.

Hapana, moto hauui kila kitu. Ukungu wenyewe hufa kwenye sufuria, lakini sumu uliyokwisha kuiacha ndani ya punje, hii tunayoiita sumukuvu, hubaki. Kukaanga huipunguza tu, hakuimalizi. Tena iligunduliwa kwa sababu ya karanga hizihizi: mwaka 1960 kule Uingereza bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa kwa kulishwa mashudu ya karanga yaliyotoka Brazil. Na ninyi wa Dodoma hamjasahau mwaka 2016, mahindi yenye sumukuvu yalipoua watu mkoani kwenu na Manyara. Huumiza ini, na mtoto mdogo hana mwili wa kuihimili.

Kwa hiyo chambua, mwanangu, na uchambue mara mbili. Kwanza mbichi: zimwage kwenye ungo, kaa penye mwanga, toa zilizosinyaa, zilizopasuka, nyeusi, zenye ukungu na zilizoanza kuchipua. Mara ya pili ni baada ya kukaanga na kutoa maganda yale membamba mekundu. Watu wengi huiruka hatua hii, na hapo ndipo punje iliyoharibika hujifichua, kwa kuwa huwa na rangi nzito kuliko wenzake. Mimi katika kilo moja hutoa konzi nzima, mara nyingine mbili, na siwapi kuku. Nafukia. Karanga zikiwa na uvundo tangu gunia linapofunguliwa, usinunue hata kama bei ni nusu.

Hiyo iliyoota ukungu itupe yote. Usikwangue juu ukabakiza chini.

Sasa kuhusu kusaga. Hukukosea kwenye karanga, uliishia njiani. Karibu nusu ya uzito wa karanga ni mafuta, ila hayatoki upesi. Kwanza utapata unga, halafu madonge yanayozunguka jagini kwa kelele, na ukivumilia, ghafla madonge yanalegea na kuanza kung'aa. Blenda za nyumbani huchukua dakika kumi, hata kumi na tano, kufika hapo. Weka vikombe viwili tu kwa mara moja. Washa dakika moja, zima, kwangua kuta kwa mwiko, iache mashine ipumzike, kisha rudia. Ukisikia harufu ya waya kuungua, umeilazimisha. Na zisage zingali vuguvugu, mafuta hulainika. Ikigoma kabisa, tia kijiko kimoja cha mafuta ya alizeti, ambayo huko kwenu hayakosekani.

Maji, hata tone, usitie. Siagi ya karanga ni chembe zinazoelea ndani ya mafuta yake. Maji yakiingia, chembe huyanywa na kushikana, ndipo ukaona ule ugali. Na ukungu, ambao usingeota penye ukavu, ukapata unyevu wa kuishi. Bibi yangu alilima karanga Kongwa, kulekule ambako mradi mkubwa wa Waingereza ulioanza mwaka 1947 ulishindwa, na kinu chake alikianika juani kabla ya kutwanga. Nami naianika chupa vivyo hivyo, na kijiko cha kuchotea huwa kikavu.

Kukaanga kwenyewe: sufuria nzito, moto mdogo, geuza bila kuacha kama dakika 20. Ipua zikiwa na rangi ya chai ya maziwa, kwa sababu huendelea kuiva zikiwa nje ya moto. Chumvi kidogo mwishoni inatosha. Asali huifanya ikaze, na mtoto wa chini ya mwaka mmoja haruhusiwi asali. Huyo mdogo usimpe siagi kwa kijiko, itamkwama kooni. Ikorogee kwenye uji. Mafuta yakipanda juu usiyamwage, koroga tu yarudi.

*Shangazi, huku kwetu karanga ni chache ila vipande vya korosho ni rahisi. Vinafaa?*
*Msomaji, Masasi*

Vinafaa sana, na huwa siagi upesi kuliko karanga kwa kuwa ni laini. Zikaange dakika kumi hivi, moto mdogo zaidi, huungua haraka. Nunua zilizokwisha kubanguliwa. Utomvu wa ganda la korosho huchoma ngozi ikatoka malengelenge, na moshi wake ukiwa unachomwa huwasha macho na kifua, kwa hiyo usibangulie jikoni penye watoto.