Maiki ya Kondensa Ndani ya Chumba cha Bati na Vigae

SWALI: Shikamoo fundi. Naimba kwaya hapa Nkuhungu, Dodoma, na nyumbani napiga gitaa na zeze la babu. Nataka kurekodi nyimbo zangu mwenyewe. Nina laptopu yenye RAM ya GB 8 na akiba ya shilingi 600,000. Kuna muuzaji wa mtandaoni ananiuzia "studio kamili": maiki ya kondensa, stendi ya mkono, kadi ya sauti yenye vitufe vya rangi, na programu ya kurekodia ndani ya flashi. Chumba changu kina vigae chini na bati juu bila dari, lakini anasema hilo si tatizo, kila kitu kinasafishwa kwenye miksi. Nichukue, au nijichange zaidi ninunue maiki kubwa?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Usichukue, wala usijichange kwa ajili ya maiki kubwa. Kompyuta uliyonayo inatosha kabisa kwa sauti yako, gitaa, zeze na sauti za kuitikia, hivyo hilo tuliache.

Nitakaa kwenye ile kauli ya muuzaji kuhusu miksi, yaani hatua ya kuchanganya na kusawazisha sauti baada ya kurekodi, kwa sababu karibu kila kijana anayeniletea faili zake anakuja nayo mdomoni: "Fundi, chumba kilikuwa kinarudisha sauti kidogo, ila utasafisha kwenye miksi." Hapana, sitasafisha, na anayekuambia atasafisha anataka hela yako. Muungurumo wa feni unaweza kupunguzwa kwa sababu hauna mabadiliko. Programu inaujua ulivyo na inautoa. Mwangwi si kelele ya namna hiyo. Mwangwi ni sauti yako mwenyewe, maneno yaleyale na noti zilezile, iliyogonga ukuta, vigae na bati ikarudi kwenye maiki imechelewa. Ukijaribu kuitoa unajikata na wewe. Zipo programu siku hizi zinazopunguza mwangwi, lakini mwimbaji anabaki kama anaimba huku amezibwa pua.

Na kuna jambo ambalo wauzaji hawalisemi. Kwenye miksi tunatumia kompresa, kazi yake ni kupunguza tofauti kati ya neno ulilolipaza na neno ulilolinong'ona. Ikishabana zile kubwa, tunapandisha zote kwa pamoja. Sasa mwangwi wako uko wapi? Uko kwenye vile vipande vya chini, kwenye mikia ya maneno, pale unapovuta pumzi. Tunapandisha sauti yako na chumba kinapanda nayo. Kwa hiyo miksi, badala ya kuficha chumba kibaya, inakianika.

Fanya jaribio hili leo kwa simu yako, halikugharimu kitu. Imba ubeti mmoja katikati ya chumba, simu ikiwa hatua mbili kutoka mdomoni. Kisha fungua kabati la nguo, simama uso ukiwa umeelekea ndani ya nguo, tundika blanketi zito nyuma ya mgongo wako, na uimbe ubeti uleule simu ikiwa umbali wa shubiri moja. Sikiliza zote mbili kwa hedifoni. Ya pili itakuwa karibu na studio kuliko ile ya kwanza, na maiki ni ileile ya simu.

Umbali ndio umefanya sehemu kubwa ya kazi hiyo. Ukipunguza umbali kwa nusu, sauti inayotoka mdomoni moja kwa moja hadi kwenye maiki inapanda kwa takriban desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), lakini mwangwi wa chumba unabaki karibu palepale. Ndiyo maana mtu anayeanza, kwenye chumba kama chako, namshauri maiki ya dainamiki, ile ya kushika mkononi ya majukwaani. Kondensa, ile maiki nyeti inayohitaji umeme, si mbaya, na kwa zeze lenye sauti ndogo ningeipenda sana, ila inasikia vitu vingi mno: bodaboda ya nje, mbwa wa jirani, na hilo bati linalolia mchana jua likilipasha moto. Dainamiki inakulazimisha uisogelee, na ukiisogelea chumba kinarudi nyuma.

Mwaka 1950 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa asili wa Afrika, alikuja Tanganyika na kurekodi muziki wa Wagogo, na mara nyingi kazi yake aliifanya nje, maiki akiisogeza kwa mkono kumfuata mpigaji. Vifaa vyake vya enzi hizo havifikii hata nusu ya utulivu wa intafesi (kisanduku cha kuingiza sauti ya maiki kwenye kompyuta) ya bei ya chini ya leo, na bado zeze linasikika lilivyo. Hapakuwa na kuta wala bati la kurudisha sauti. Ungeweza hata wewe kurekodi uani asubuhi na mapema, kama si upepo wa Dodoma. Wakati wa kiangazi ukivuma kwenye maiki unasikia mngurumo mtupu.

Sasa hela yako. Nunua kwanza intafesi ya USB yenye tundu la maiki la pini tatu (XLR), kama Focusrite Scarlett Solo au M-Audio M-Track Solo. Hata iliyotumika inafaa, mradi uijaribu mbele ya mwenye nayo. Halafu dainamiki. Shure SM58 ipo sokoni tangu mwaka 1966 na bado inafanya kazi, lakini bandia zake zimejaa kila mahali, na ukiona inauzwa kwa bei ya chakula cha mchana ujue unauziwa ganda. Bora Behringer XM8500 halisi kuliko Shure ya uongo. Kisha hedifoni za waya zinazofunika masikio yote. Za bluetooth zinachelewesha sauti, utaimba nyuma ya biti. Spika za monita, zile za kusikilizia miksi, zisubiri, chumba hicho kitakudanganya besi hata ukinunua za milioni. Inayobaki, nunua blanketi mbili nzito na stendi ya maiki ya kusimama sakafuni.

Ile kadi ya vitufe imetengenezwa kwa watu wanaorusha matangazo ya moja kwa moja kwenye simu. Vitufe ni vya makofi, vicheko na mwangwi wa kuongeza, na ukirekodi navyo athari hizo zinaganda ndani ya sauti, hazitoki tena. Tazama pia waya wa maiki yake: ukiwa na pini tatu upande mmoja na kichwa kidogo kama cha hedifoni upande wa pili, maiki hiyo haipati umeme wa volti 48 ambao kondensa halisi inauhitaji, hata boksi liandike nini.

Ukirekodi, acha mshale wa sauti upande hadi kama desibeli 12 chini ya sifuri kwenye vilele, programu ikiwa imewekwa kurekodi kwa biti 24. Huna haja ya kujaza mita hadi nyekundu. Na ukisikia muungurumo mnene wa umeme, chomoa chaja ya laptopu uimbe kwa betri. Nyumba nyingi zetu waya wa ardhi (erthi) wa umeme umefungwa vibaya au haupo, na udongo mkavu wa huku hausaidii.

Kuhusu trei za mayai, maana najua swali lako linalofuata: usibandike. Ni karatasi nyembamba. Zinapunguza kidogo sauti za juu kabisa, zinakuachia uzito wote wa kati na chini, na zikishika moto zinawaka kama makuti. Wanaokuambia zinazuia jirani asisikie wanakudanganya mara ya pili, kwa sababu kutuliza mwangwi ndani na kuzuia sauti isitoke ni kazi mbili tofauti kabisa. Blanketi lililotundikwa kiganja kimoja mbali na ukuta litakufaa zaidi.

Lakini kinachonitia hasira kuliko vyote ni ile flashi. Programu iliyovunjwa kufuli, yaani ya wizi isiyolipiwa leseni, mara nyingi inakuja na virusi, na nimeona vijana wakipoteza albamu nzima, faili zote zimefungwa na kuna ujumbe wa kudai dola. Hakuna sababu ya kuingia huko. Audacity ni ya bure. Reaper unaijaribu siku 60 ikiwa kamili, na leseni ya mtu binafsi ni dola 60. FL Studio ya majaribio nayo inafungua karibu kila kitu, ila kazi uliyoihifadhi haifunguki tena hadi ulipie.

Wauzaji hawa wamejaa kwenye makundi ya WhatsApp, na wanaowakamata zaidi ni waimbaji wa kwaya na vijana wa Singeli wanaotoka kuuza mazao na hela taslimu mkononi. Kabla hujalipa chochote kwa yeyote, mwombe akurekodie dakika moja kwa vifaa hivyohivyo anavyokuuzia, ndani ya chumba cha kawaida, akupe faili ghafi kabla ya miksi. Akianza kukutumia wimbo uliokwisha kupikwa badala ya hiyo faili, usimlipe.