Siku 10 za dawa na hakuna nafuu

Pole sana, ndugu yangu. Umesema una siku 10 unameza dawa za sonona, unachopata ni kichefuchefu tu, na unataka kuziacha. Usiziache kimyakimya. Dawa hizi huchelewa: maudhi hutangulia, nafuu hufuata baada ya wiki 2 hadi 6 hivi. Mimi nilipozitumia, nilishtuka siku nilipojikuta nimeosha vyombo vilivyolala siku tatu, bila kusukumwa na mtu (furaha yenyewe ilikuja baadaye sana). Kichefuchefu mweleze daktari, huenda akakwambia umeze baada ya kula. Ila mawazo ya kujidhuru yakikujia, usingoje miadi. Mwambie mtu aliye karibu nawe leo hii, akupeleke hospitali.