Konda wa Bangalore na suka wake

Mwanangu Zuhura,

Asalaam aleikum. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu, mara ya mwisho nikiwa nimeegesha bajaji chini ya mwembe ili makelele ya barabarani yasinivuruge. Umeuliza mambo mawili kwa pumzi moja. Kwanza, ni kweli yule mzee wa kwenye filamu ninayemsifia, Rajinikanth, alikuwa konda? Pili, kama ni kweli, mbona uliposema unaacha ukarani ukasome maigizo Bagamoyo nilinuna siku mbili, hata chai ya mama yako nikaiacha ikapoa? La pili lina ncha. Niache nianze na la kwanza.

Ni kweli. Ila usimwite wa filamu za Kihindi, maana hapo sisi wa pwani huchanganya kila kitu. Yeye ni wa filamu za Kitamil, zinazotengenezwa Chennai, mji wa kusini mwa India ambao zamani ukiitwa Madras, na Kitamil na Kihindi havisikilizani hata kidogo. Sisi tulimjulia mlango wa nyuma. Mwaka 1983 aliingia kwenye filamu ya Kihindi, Andhaa Kaanoon, pamoja na Hema Malini na Amitabh Bachchan, na mwaka 1991 akacheza tena na Amitabh katika Hum. Kanda zilipofika mtaani kwetu tulilipa kiingilio kwenda kumwona Amitabh, tukarudi nyumbani tunamwiga yule mweusi mwenye nywele za kumwagikia usoni, ambaye hata jina lake hatukulijua.

Alizaliwa Bangalore tarehe 12 Desemba 1950. Jina lake la nyumbani ni Shivaji Rao Gaekwad, kitinda mimba wa watoto wanne. Baba yake alikuwa askari polisi wa cheo cha chini kabisa, na mama yake alifariki yeye akiwa bado mtoto mdogo. Nyumbani walisema Kimarathi, mtaani Kikannada. Kitamil hakikuwamo, na hilo uliweke akilini. Alipomaliza shule alibangaiza: akabeba magunia, akasaidia kazi za useremala, mwisho akapata ukonda katika mabasi ya mji wa Bangalore.

Sasa ukonda wake. Wenzake husimulia kwamba alikuwa akikata tiketi kwa madaha, mkono mmoja unarudisha nywele nyuma huku mwingine unatoa chenji, na wapo abiria waliokuwa wakiliacha basi lipite wasubiri la kwake. Mimi niliyeshika usukani miaka kumi na tisa naamini konda wa namna hiyo yupo. Ukimpata, kipanya kinajaa kabla mpiga debe hajafungua mdomo. Jioni wafanyakazi wa mabasi walikuwa wakicheza maigizo ya visa vya kale vya Kihindu, naye alikuwamo.

Hadithi hiyo kila mtu anaijua, na wewe umeipata kwenye simu kama wengine. Konda kageuka nyota, basi. Lakini basi haliendeshwi na konda.

Dereva wake aliitwa Raj Bahadur. Huyu bwana ndiye aliyemtazama akiigiza akaona kitu, na ndiye aliyemshikilia aende Madras kwenye chuo cha filamu. Mwaka 1973 chuo kilipomchukua, nyumbani kwao hawakufurahia, nani anaacha kazi ya serikali akasomee kuigiza? Raj Bahadur akawa anamega mshahara wake wa udereva anamtumia. Mshahara wa suka, Zuhura! Mimi najua ulivyo. Ukitoa unga, kodi na ada za watoto, kinachobaki hakitoshi kununua viatu.

Pale chuoni akaonwa na K. Balachander, mtengenezaji filamu mkubwa wa Kitamil. Balachander akamwambia ajifunze Kitamil, akajifunza, kijana wa zaidi ya miaka ishirini. Akambadilisha na jina, kwa sababu Madras tayari ilikuwa na Sivaji wake, Sivaji Ganesan, mwigizaji aliyeheshimiwa kama mfalme, na Shivaji wawili wasingekaa chungu kimoja. Akampa Rajinikanth, jina la mhusika wa filamu yake ya zamani, ambalo watu hulieleza kuwa ni rangi ya usiku. Weusi ambao kwenye sinema nyingi za kule ungemfungia mlango, Balachander akauandika kwenye jina.

Filamu ya kwanza, Apoorva Raagangal, ilitoka Agosti 1975. Shujaa ni Kamal Haasan. Rajinikanth anatokea kitambo kidogo tu: anasukuma geti la nyumba ya watu, ndevu hazijanyolewa, koti limechoka, mume mbaya aliyerudi akiwa na saratani. Hana hata nusu saa kwenye picha. Lakini lile geti anavyolisukuma! Watamil wanalizungumzia mpaka leo.

Miaka iliyofuata alikuwa mtu mbaya wa filamu, mwenye kurusha sigara hewani akaidaka kwa midomo (usiniulize vijana wangapi wa mtaa wetu waliunguza midomo). Mwaka 1978 akapewa ushujaa katika Bairavi, na ndipo mabango yakaanza kumwita Superstar. Mwaka huohuo peke yake alicheza filamu zinazokaribia 20, leo Kitamil, kesho Kitelugu, keshokutwa Kikannada. Unadhani mwili ni chuma? Mwaka uliofuata akili na mwili vikachoka pamoja, akalazwa hospitali, na watu wakasema huyu kwisha. Hilo kwenye video fupi za simu hulioni, ndiyo maana nalitaja.

Akarudi. Mwaka 1980 Billa ikajaza majumba ya sinema, na hapo ngazi ikawa ya kupanda tu kwa muda mrefu. Mwaka 1995 ikaja Baashha, ambamo ni dereva wa bajaji mpole, anatukanwa ananyamaza, kumbe huko nyuma Bombay alikuwa mkubwa wa majambazi. Mama yako anasema tangu niione hiyo nimeanza kuegesha kwa maringo. Mwaka huohuo akatoa Muthu, ambayo mwaka 1998 ilionyeshwa Japani na Wajapani wakampenda. Hadi leo wapo wanaopanda ndege kwenda Chennai filamu yake mpya inapotoka, wakakae na mashabiki wanaomwagia maziwa sanamu zake za mbao tangu alfajiri. Mwaka 2016, Kabali ilipotoka, kuna makampuni yaliyowapa wafanyakazi mapumziko, maana wangesingizia kuumwa tu.

Mambo ya siasa nayapita haraka. Miaka zaidi ya ishirini watu walikuwa wakimsubiri aingie, mwisho wa 2017 akasema anaingia, mwisho wa 2020 akasema afya hairuhusu. Wapo waliokasirika. Mimi niliona amefanya la maana.

La filamu iitwayo Baba nalikawiza. Mwaka 2002 aliandika na kugharamia mwenyewe filamu hiyo, ikadoda. Walionunua haki ya kuionyesha walikula hasara, naye akawarudishia fedha mfukoni mwake. Nimewahi kumwendeshea gari tajiri mmoja hapa mjini ambaye injini ilipokufa barabarani alinikata hesabu ya siku tatu, kana kwamba niliiua mimi. Kwa hiyo nikisikia mtu mkubwa amelipa hasara za wengine, nanyanyua kichwa.

Na kuna tarehe 25 Oktoba 2021. Delhi, anakabidhiwa tuzo ya Dadasaheb Phalke, iliyo juu kuliko zote katika filamu za India. Mzee wa miaka 70, kipara, ndevu nyeupe, maana nje ya kamera havai nywele za bandia wala hajipaki kitu. Anashukuru mwalimu wake Balachander, anamshukuru kaka yake, kisha mbele ya wakubwa wote wa nchi anamtaja dereva wa basi, Raj Bahadur, kwamba ndiye aliyekiona kipaji chake wakati yeye ni konda. Niliitazama kwa simu yako ile uliyoniachia. Nikaizima, nikatoka nje.

Sasa nakuja kwenye swali lako la pili, na hili sijamwambia mtu.

Wewe hujazaliwa, nikiendesha kipanya njia ya Pongwe, nilikuwa na konda mmoja, jina namstiri. Huyo kijana akiigiza trafiki anayeomba leseni, abiria wanatoa leseni kweli. Akiigiza mama muuza samaki anayelalia bei, mama muuza samaki mwenyewe anacheka mpaka anaangusha beseni. Siku moja tumeegesha stendi, magharibi, tunahesabu sarafu kwenye kiti cha mbele, akaniambia: Kaka, Dar kuna kikundi cha maigizo, wako tayari kunijaribu. Nikopeshe nauli na ya kula miezi miwili, nikipata nakurudishia. Fedha nilikuwa nayo, Zuhura. Si nyingi, lakini nilikuwa nayo, nilikuwa nakusanya ya mabati. Sikumjibu ndiyo wala hapana. Nilimwuliza, ‘Hesabu ya tajiri imetimia?’

Akacheka, akaendelea kuhesabu.

Hivi sasa anasukuma mkokoteni sokoni. Kila akiniona anaweka mikono kiunoni, anakaza shingo, anaitoa sauti yangu vilevile ilivyokuwa: ‘Hesabu ya tajiri imetimia?’ Watu wanavunjika mbavu. Na mimi nacheka, nitafanyaje. Simlaumu Mungu wala serikali, ila nikisoma habari za Raj Bahadur najua mimi ni nani katika hadithi ile. Uliposema Bagamoyo, nikaisikia ile sauti tena, safari hii nikijiandaa kuitoa mwenyewe. Ndiyo maana nilinuna. Haukuwa mnuno juu yako.

Usinielewe vibaya, woga ninao. Kwa Rajinikanth mmoja, makonda wangapi walibaki milangoni mwa mabasi? Na wewe ukarani wako una bima na mshahara wa mwisho wa mwezi. Lakini yule hakuondoka kwa ndoto peke yake. Alikwenda chuoni, akajifunza lugha ya watu ukubwani, akakubali geti na saratani kabla ya ushujaa. Mwaka 2025, miaka 50 kamili tangu lile geti, filamu yake mpya iliitwa Coolie, ndilo neno letu kuli hilihili, na yeye gunia analijua uzito wake.

Ukija Idi nitakuonyesha ile niipendayo kuliko zote, Mullum Malarum ya 1978, ya mwongozaji Mahendran. Haina mbwembwe. Rajinikanth ni Kali, mwendesha mtambo wa kuvuta mizigo mlimani, jeuri, ana dada mmoja tu duniani. Mkono mmoja unakatika, kazi inapotea. Dada anapendwa na injinia, bosi ambaye Kali hamwezi hata kwa sura, na hataki ndoa hiyo. Mwishoni kabisa watu wote wanamtenga Kali wanamsindikiza bi harusi, dada anaacha msafara anamkimbilia kaka yake. Basi Kali akiisha kuona amechaguliwa yeye, anamwoza kwa mkono wake uliobaki. Ila anamgeukia injinia anamwambia wazi kuwa hata hivyo bado hampendi.

Nimepiga hesabu. Bajaji ikitembea vizuri, nikitoa mafuta na matengenezo, naweza kukutumia kila Jumamosi kidogo, na ada ya muhula tuigawe mimi na wewe nusu kwa nusu. Usiache kazi kabla chuo hakijakujibu kwa maandishi. Nitumie ile karatasi ya ada kwa picha, ila uipige karibu, miwani yangu imevunjika mkono mmoja na nimeifunga kwa uzi.

Na hiyo kazi ya kuigiza, mwanangu, bado sijaipenda.

Baba yako,
Tanga