Akiona sanduku tu anatoweka: namtibuje paka mgonjwa asiyetaka kliniki?

SWALI: Shikamoo daktari. Nina paka dume aliyehasiwa, miaka 11. Tunamwita Karani kwa sababu ukitandaza karatasi yoyote mezani lazima ailalie. Kwa miezi miwili sasa anakunywa maji kupita kiasi, anakojoa sana, na nikimpapasa mgongoni nashika mifupa mitupu. Nilimpeleka kliniki. Tulimkamata watu watatu, akamng'ata msaidizi, akajikojolea ndani ya sanduku, na damu iliyopatikana ilikuwa kidogo. Daktari alisema figo zinaonekana kuchoka na sukari iko juu, akataka nimrudishe apimwe damu tena, mkojo na presha. Tangu siku ile nikigusa tu mlango wa stoo linapokaa sanduku lake, anaingia chini ya kitanda mpaka usiku. Naweza kumtibu nyumbani bila kumrudisha? Nimpe nusu kidonge cha maumivu au cha usingizi cha binadamu kabla ya safari? Na dawa nimnywesheje? Akipewa kidonge anatoa povu kama sabuni, naogopa namuua.
Mama Karani

JIBU: Marahaba, Mama Karani. Naanza na swali lako la pili, maana ndilo linaloweza kuua.

Usimpe. Parasetamoli kwa paka haina nusu wala robo. Ini la paka lina upungufu wa kimeng'enya kinachoisafisha dawa hiyo, kwa hiyo inageuka sumu na kuharibu chembe nyekundu za damu hadi zinashindwa kubeba oksijeni. Ufizi unageuka wa kahawia au bluu, uso na miguu vinavimba, anaanza kuhema. Kidonge kimoja cha miligramu 500 kinatosha kumuua paka mkubwa. Ibuprofeni nayo hushambulia tumbo na figo, na figo za Karani hazina cha kupoteza. Dawa za usingizi za watu ni bahati nasibu: paka mmoja analala, mwingine anapandwa na wazimu. Hata sisi madaktari kwa miaka mingi tulitumia dawa za kutuliza ambazo zililegeza mwili tu. Mnyama alilala kama nguo mbichi huku moyo unamwenda mbio kwa hofu ileile.

Dawa ambayo wengi wetu tunaitegemea sasa ni gabapentini. Mwombe daktari wako. Hutolewa nyumbani, saa mbili hivi kabla ya kutoka, na paka wengi wanaopigana huja wamepoa kiasi cha kupimwa bila kelele. Kuna mambo mawili hapa. Gabapentini hutoka mwilini kwa njia ya figo, kwa hiyo paka mwenye figo dhaifu hupewa kiasi kidogo kuliko mwenzake. Usichukue kipimo cha paka wa jirani. Pili, mjaribishe siku isiyo na safari, uone inavyomchukua. Atayumba kama mlevi kwa saa kadhaa, basi siku hiyo asiachwe kupanda kabati.

Sasa swali la kwanza. Sehemu kubwa ya matunzo ya Karani itafanyika nyumbani, na wewe ndiye utakayeifanya. Lakini kubahatisha ugonjwa nyumbani, hapana. Paka mzee anayekunywa sana huku anakonda huwa na mojawapo ya magonjwa matatu yanayofanana kwa nje: figo, kisukari, au tezi ya shingoni inayofanya kazi kupita kiasi. Anaweza hata kuwa na mawili kwa pamoja. Tiba zake hazifanani kabisa. Insulini kwa paka asiye na kisukari inaweza kumuua.

Nalisema hili kwa uchungu kidogo. Nilipokuwa mgeni kazini tulimbana jike mmoja mezani kwa dakika 20 mpaka damu ikapatikana. Sukari ikasoma juu sana na mimi nikaanza kuandika insulini. Mzee niliyekuwa chini yake akaniuliza swali moja tu: "Alikuwa ametulia?" Paka akiogopa, homoni za hofu humwaga sukari kwenye damu, na inaweza kupita 15 kwa kipimo cha milimoli kwa lita bila kisukari chochote. Presha nayo hupanda vilevile. Kwa hiyo ile sukari ya Karani, aliyekamatwa na watu watatu, mimi siiamini bado, na nadhani hata daktari wako haiamini, ndiyo maana anataka kurudia. Kipo kipimo kingine cha damu kinachoonyesha wastani wa sukari wa wiki kadhaa zilizopita. Hicho hakidanganywi na hofu ya dakika tano.

Mkojo unaweza kuuchukua mwenyewe. Osha vizuri chombo anachojisaidia, kikauke, ukiache kitupu au utie vipande safi vya plastiki badala ya mchanga, maana mchanga hunywa mkojo wote. Akimaliza, uvute kwa bomba la sindano lisilo na sindano, utie kwenye kichupa safi, uweke kwenye friji na ufike kliniki siku hiyohiyo. Mkojo uliotolewa na paka aliyetulia nyumbani kwake una habari nyingi: sukari imo au haimo, na figo bado zinaweza kuukoleza au zinapitisha maji tu. Kama atahitajika mkojo wa kuotesha vijidudu, huo watauchukua wao kwa sindano.

Tuje kwenye sanduku. Umesema alijikojolea humo. Je, ulilisafisha kwa sabuni au ulilifuta tu na kulirudisha stoo? Pua ya paka inakumbuka. Kwake sanduku hilo linanuka siku ile yote. Lifue leo kwa sabuni isiyo na manukato, lianike juani, kisha lisirudi stoo tena. Likae pale anapopenda kulala, kifuniko cha juu kimetolewa, ndani umeweka nguo yako uliyoivaa. Usimwite, usimwelekeze. Weka chakula chake mlangoni mwa sanduku, baada ya siku chache kisogeze ndani kidogo, kisha ndani kabisa. Akishaanza kulala humo kwa hiari ndipo urudishe kifuniko, na mlango bado uwe wazi. Hii inachukua wiki mbili, pengine zaidi. Kama sanduku lenu halifunguki juu, na paka lazima avutwe kwa kupitia mlango mdogo wa mbele, ningelibadilisha. Hakuna ninachokiona kikianzisha vita vingi kama mkono unaoingia kwenye kile kishimo.

Siku ya safari lifunike kwa taulo na ulibebe kwa mikono miwili ukilikumbatia, kama unavyobeba sufuria ya maji moto. Likining'inia kwa mpini na kugonga goti lako kila hatua, paka anafika ameshachafukwa. Garini liwe sakafuni, nyuma ya kiti, lisiteleze. Dawa ya kupuliza yenye harufu ya kuwatuliza paka unaweza kuitumia dakika 15 kabla ya kumwingiza. Siitegemei kama gabapentini, ila haidhuru.

Kliniki, omba miadi ya kwanza asubuhi, kabla mbwa hawajajaa. Usiweke sanduku sakafuni. Omba kifuniko kitolewe na Karani apimwe akiwa amekaa kwenye nusu ya chini, na nguo yako ikiwa chini yake. Presha ipimwe kabla ya kitu kingine chochote, baada ya kumwacha atulie dakika tano hadi kumi, na ipimwe mara kadhaa. Asikamatwe ngozi ya shingo na kubanwa. Mwaka 2022 vyama vya madaktari wa paka, AAFP na ISFM, vilitoa mwongozo wa pamoja unaokataa ukamataji huo. Akianza kupigana, sema kwa adabu: "Daktari, naomba tuishie hapa leo." Sindano ya kumlaza kidogo, au kurudi siku nyingine, ni nafuu kuliko kumaliza kwa nguvu. Na kama daktari wako huenda majumbani, muulize, ingawa paka wengine humwona mgeni nyumbani kuwa balaa kuliko kliniki.

Povu. Hilo ni uchungu wa dawa tu, ulimi umeikataa. Halimuui, ila ni dalili kwamba kidonge kimeyeyukia mdomoni badala ya kupita. Fanya hivi. Piga magoti sakafuni, Karani akae katikati ya mapaja yako akiangalia mbele, matako yake yameegemea kwako ili asirudi nyuma. Taulo limzunguke shingoni hadi miguuni. Mkono mmoja ushike kichwa kutokea juu, kidole gumba kwenye shavu hili na cha pili kwenye shavu lile, uinue pua itazame juu. Taya litalegea lenyewe. Kwa kidole cha kati cha mkono wa pili shusha taya la chini pale kwenye meno madogo ya mbele, udondoshe kidonge nyuma kabisa ya ulimi, ufunge mdomo. Akilamba pua, kimepita.

Kazi haijaisha hapo. Mpe mara moja mililita tano za maji kwa bomba la sindano, ukiingiza ncha pembeni mwa mdomo, taratibu, au mpe kijiko cha chakula laini. Kidonge kikavu hukwama kooni mwa paka kwa dakika nyingi, na dawa kama doksisaiklini (ya kuua bakteria) ikikwama huunguza koo mpaka linabaki na kovu na kuziba. Hili watu wengi hawaambiwi. Ukishindwa mara mbili, acha, mwache apumzike. Mwombe daktari sura nyingine ya dawa ileile: ya maji, au ya kupaka. Dawa ya hamu ya kula, mirtazapini, ipo ya kupaka ndani ya sikio na iliidhinishwa Marekani kwa paka mwaka 2018. Vaa glavu unapoipaka, isije ikakupa wewe hamu.

Usifiche dawa kwenye chakula maalumu cha figo. Paka akishahusisha chakula na uchungu, amekisusa moja kwa moja, na chakula hicho ndicho kinachowaongezea wengi wao maisha. Kibadilishe taratibu kwa wiki kadhaa, ukichanganya na cha zamani. Na akikikataa katakata, ale anachokula. Paka asiyekula siku mbili huanza kujaza mafuta kwenye ini, na huo ni ugonjwa juu ya ugonjwa.

Ikithibitika ni figo, pengine utafundishwa kumpa maji ya dripu chini ya ngozi nyumbani. Watu huogopa neno sindano, lakini wengi huniambia baadaye kuwa vidonge ndivyo vigumu. Mfuko uning'inizwe juu, maji yapashwe kwa kuutumbukiza kwenye beseni la maji ya vuguvugu, uyajaribu kwenye kifundo cha mkono kama maziwa ya mtoto. Inua ngozi katikati ya mabega iwe kama hema, sindano mpya iingie sambamba na mgongo. Kiasi ni cha daktari kukuambia, mara nyingi mililita 100 hivi. Litatokea donge kama yai ambalo baadaye hushuka kuelekea mguuni. Usishtuke, linanyonywa ndani ya siku. Kesho yake likiwa bado lipo, usiongeze, piga simu kwanza. Paka mwenye ugonjwa wa moyo hapewi maji haya kiholela.

Yapo yasiyosubiri gabapentini wala sanduku kuzoeleka. Dume anayeingia na kutoka mchangani, anajikamua na hakuna mkojo: ni usiku huohuo, kwa sababu njia ikiziba anaweza kufa ndani ya siku mbili. Paka anayepumua mdomo wazi. Aliyepofuka ghafla, macho meusi tii, anagonga viti. Mfunge kwa taulo, mtie hata kwenye foronya, nenda. Na kila jioni akiwa amelala usingizi mzito, hesabu mbavu zikipanda kwa dakika nzima. Kawaida haizidi 30. Ikizidi siku mbili mfululizo, mwambie daktari.

Mpime uzito kila wiki: panda mizani naye mikononi, kisha bila yeye, utoe. Mizani ya mtoto mchanga ni bora zaidi, kwani gramu 200 kwa paka wa kilo nne si kidogo.

Majibu yakitoka, niandikie namba tatu. Ya kwanza ni sukari, safari hii akiwa ametulia. Ya pili ni uzito maalumu wa mkojo: ukiwa chini ya 1.035, figo hazikolezi inavyopaswa. Ya tatu ni presha: ikirudiarudia juu ya 160, kuna kidonge kidogo cha mara moja kwa siku ambacho tutahitaji kukizungumza, maana presha ndiyo inayowapofusha paka wa figo.