Nani aliiweka K kwenye "knife"?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Binti yangu yuko kidato cha kwanza hapa Moshi. Juzi karudi na daftari la imla: kaandika "nife", "nee" na "nite" badala ya "knife" (kisu), "knee" (goti) na "night" (usiku). Kapata 6 kati ya 20, na wenzake wakamcheka. Ananiuliza, kama K haisikiki, nani aliiweka? Mimi nauza mitumba Memorial, jibu sina.
Mama wa Pasua, Moshi

JIBU: Marahaba, mama. Imeniuma kusikia amechekwa, maana swali lake lina uzito kuliko imla yenyewe. Mwambie hivi: K iliandikwa kwa sababu ilikuwa ikitamkwa.

Niliwahi kufundisha Kiingereza vijana wanaopandisha wageni mlimani. Siku moja pale lango la Marangu alishuka mgeni Mjerumani akichechemea. Akashika goti, akasema "Knie", na K yake niliisikia waziwazi, kama kijiti kinavunjika. Kijerumani na Kiingereza ni ndugu. Waanglo na Wasaksoni, waliopeleka Kiingereza kisiwani, walivuka bahari karne ya 5 wakitoka pande ambazo leo ni Ujerumani na Denmark. Kijerumani kimeitunza K ile. Waingereza waliiacha kwenye karne ya 17 na ya 18 hivi. Hata "gh" ya "night" ilikuwa sauti kamili, karibu na "kh" ya wazee wa pwani wanaposema "kheri".

Sasa mbona herufi zilibaki? Mwaka 1476 William Caxton alifungua kiwanda cha uchapaji Westminster. Vitabu vikaanza kusambaza tahajia za siku zile, wachapaji na wasomaji wakazizoea. Lakini matamshi hayakusubiri. Katika karne zile zile, takriban 1400 hadi 1700, irabu ndefu za Kiingereza zilihama karibu zote. Chukua "name". Mtoto wetu akiisoma "na-me", anasahihishwa hapo hapo, kumbe enzi za mshairi Chaucer, aliyefariki mwaka 1400, Waingereza walitamka karibu vile vile, "naame"! Na "time" ilikuwa "tiime". Mtoto anayesoma hivyo akili yake iko sawa kabisa: anasoma kilichoandikwa, kama anavyosoma Kiswahili, ambacho usanifishaji wake ulianza rasmi mwaka 1930 tu, hivyo matamshi hayajapata muda wa kuyaacha maandishi.

Ila si kila herufi bubu nitaitetea. Neno "debt" lilitoka Kifaransa, lugha ya watawala baada ya Wanormani, watu wa kaskazini mwa Ufaransa, kuiteka Uingereza mwaka 1066, nalo lilikuwa "dette", halina B. Baadaye wasomi wakaichomeka B ili lifanane na "debitum" ya Kilatini. Hakuna Mwingereza aliyewahi kuitamka, na bado watoto wetu wanakatwa alama kwa ajili yake. Hiyo inabidi aikariri tu.

Kwa hizi za K kuna njia. Jioni mnapomenya ndizi, mwache aite kisu "ka-naifu" na goti "ka-nii", kwa sauti, bila haya. Darasani aiache K mdomoni, lakini mkono utakuwa umeshaizoea. Imla ijayo ikirudi, niandikie alipata ngapi.