Batiki za wanafunzi: rangi inapita chini ya nta

Mwalimu, umeuliza kwa nini batiki (vitambaa vinavyochorwa kwa nta kabla ya kutiwa rangi) za kidato cha 2 zinatoka na michoro iliyofifia ingawa wamepaka nta vizuri. Nadhani nta yenu haijapata moto wa kutosha mnapoipaka. Geuza kitambaa: palipopakwa panatakiwa pawe kama karatasi iliyolowa mafuta, mbele na nyuma. Nta ikiganda juu, nyeupe kama ukoko wa uji, haijapenya, na rangi itajipenyeza chini yake.

Yeyusheni kwa sufuria ndani ya sufuria ya maji, kamwe si juu ya moto wazi. Ikitoa moshi, imezidi moto. Ikiwaka, funika kwa mfuniko, usimwage maji! Nta ya mshumaa ikiwa peke yake hupasuka sana kwenye kitambaa, basi changanyeni nusu kwa nusu na nta ya nyuki.

Kitambaa kiwe pamba tupu, kichemshwe kwanza na sabuni kutoa wanga wa kiwandani. Rangi ipoe hadi vuguvugu, la sivyo itayeyusha nta. Kastiki soda, kemikali kali ya kuchanganyia rangi, hutiwa kwenye maji baridi, si maji juu ya soda, na mwalimu ndiye anayeshika, amevaa glavu na miwani.