Wasomaji Wanauliza: Vitabu vya Mwaka Mzima

Katika toleo lililopita nilieleza kwa ufupi vitabu nilivyosoma mwaka huu hapa Kigoma: riwaya za Kiswahili, za zamani na za tafsiri, tawasifu moja, kitabu cha safari cha karne ya kumi na tisa, na kitabu cha sayansi kuhusu sokwe wa Gombe. Barua zilizofika zimenifurahisha, kwa kuwa wengi waliotaka maelezo zaidi wameuliza vitabu hivyo vilinigusa vipi na vilipatana vipi. Nimechagua barua chache, nikazifupisha palipohitajika, na majina ya wenyewe nimeyahifadhi.

SWALI: Shikamoo mama. Umesema ulisoma riwaya ya Peponi, maisha ya Tippu Tip na kitabu cha Stanley kwa kufuatana. Sisi vijana wa Ujiji tumechoka kuulizwa habari za Stanley na Livingstone kila mgeni anapofika. Tena Tippu Tip alifanya biashara ya watumwa. Kwa nini nimpe muda wangu, na kwa nini nisome vitabu vitatu wakati kimoja kingetosha? (Msomaji, Ujiji)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Uchovu wako naufahamu, kwa kuwa ukumbusho uliopo pale Ujiji unahusu mkutano wa wageni wawili mwaka 1871, Stanley mwandishi wa gazeti na Livingstone mmisionari, na mji uliowapokea hutajwa kana kwamba ulikuwa uwanja tu wa mkutano huo. Kwa sababu hiyohiyo nakushauri usome vyote vitatu, tena kwa kukaribiana, kabla cha kwanza hakijapoa moyoni mwako.

Anza na Tippu Tip. Hamed bin Muhammed el Murjebi, kwa jina lake halisi, aliandika habari za maisha yake kwa Kiswahili, na Heinrich Brode akazichapisha Ujerumani mwanzoni mwa miaka ya 1900, mwenyewe akiwa bado hai. Alifariki Unguja mwaka 1905. Ukitafuta toba humo hutaiona. Utakuta bei za pembe za ndovu, majina ya wadai, bidhaa zilizokopwa kwa matajiri wa Unguja kama Taria Topan, na vita vinavyosimuliwa kwa sauti ileile inayotaja bei. Wapagazi wake wa Kizaramo walipomtoroka, aliwavamia jamaa zao vijijini na kuwatia minyororo, naye anasimulia jambo hilo bila hata kupunguza mwendo wa sentensi. Nilipofika hapo nilikifunga kitabu kwa hasira. Kilichonirudisha ni Kiswahili chenyewe, kifupi, kisicho na pambo, chenye uwezo wa kubeba safari ya miezi mingi katika mistari michache. Uzuri huo ulinisumbua, na unanisumbua hadi leo, kwa sababu nilikuwa nimezoea kuamini kwamba lugha nzuri hukaa upande wa watu wema.

Kisha soma Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis iliyotolewa na Mkuki na Nyota mwaka 2022, ya riwaya ambayo Abdulrazak Gurnah aliichapisha kwa Kiingereza mwaka 1994, miaka mingi kabla ya kupewa Tuzo ya Nobel mwaka 2021. Tippu Tip anasema alianza safari zake za biashara akiwa na umri wa miaka kumi na miwili. Yusuf, kijana wa Peponi, anaondoka kwao akiwa na umri huohuo, lakini yeye haendi kuchuuza: baba yake anadaiwa na tajiri Aziz, naye mtoto ni rehani ya deni hilo, ingawa amezoea kumwita tajiri huyo kwa jina la undugu. Sijui kama mwandishi aliukusudia ulinganifu huo. Mimi ulinishika, nikarudi kwenye tawasifu kuisoma upya kurasa za mwanzo, na safari hii macho yangu yaliangalia madeni kuliko vita. Niliona kwamba kila kitu katika vitabu hivi viwili kinasukumwa na mkopo: tajiri wa pwani anakopesha, mwenye msafara anaingia bara akiwa na hofu ya siku ya kulipa, na gharama inaishia kwa watu wa huku kwetu ambao hawakukopa chochote.

Stanley mweke mwisho. Kitabu chake cha mwaka 1872 kimejaa hesabu za marobota ya merikani (kitambaa cha pamba), shanga na nyaya za shaba, kwa kuwa vitu hivyo ndivyo vilivyokuwa fedha ya njiani, na gazeti la New York Herald ndilo lililomgharamia. Viongozi wachache wa msafara, kama Bombay, anawataja kwa majina na kuwasimulia. Wapagazi wa kawaida huonekana wanapotoroka, wanapougua au wanapochelewesha safari.

Hapo ndipo vitabu hivi vitatu viliponibana. Watu wawili waliokuwapo waliandika, na Wanyamwezi waliobeba pembe na merikani mabegani kati ya pwani, Tabora na Ujiji hawakupata sura ya kutosha katika maandishi yao. Aliyenipa uchovu, hofu na maumivu ya mwendo ule ni Gurnah, mtu aliyezaliwa Unguja mwaka 1948, ambaye hakuona msafara hata mmoja. Ningesoma Peponi peke yake, ningeihesabu kuwa hadithi ya kijana mzuri aliyeonewa. Ningesoma Tippu Tip peke yake, ningebaki na hasira tu. Vilipokaribiana, kila kimoja kiliuliza swali ambalo jirani yake alikuwa amelipita kimya, na sasa nasoma hivyo kwa kusudi: nikimaliza kitabu, natafuta kingine kitakachobishana nacho. Wewe uliyekulia Ujiji una haki ya kuingia katika ubishi huo kuliko mimi niliyehamia.

SWALI: Ndugu mwandishi, mimi ni mwalimu wa Kiswahili hapa Kasulu. Nilianza kusoma Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka cha Aniceti Kitereza wakati wa likizo, nikakwama. Salamu zinachukua ukurasa mzima. Je, msomaji ana ruhusa ya kuacha kitabu katikati? (Mwalimu, Kasulu)

JIBU: Ruhusa unayo, Mwalimu, nami mwaka huu nimeitumia kwa vitabu ambavyo havikuwa na la kunieleza. Hiki nakuomba ukipe nafasi ya pili. Kitereza alikiandika kwa Kikerewe, akakimaliza mwaka 1945, akakaa miaka mingi bila mchapishaji, akakitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House ikakitoa mwaka 1980, naye akafariki mwaka uliofuata. Mtu aliyeisubiri kazi yake miaka 35 hakuweka salamu ndefu kwa bahati mbaya.

Mimi nami mwanzoni nilikuwa nikiruka mistari. Kilichobadilisha usomaji wangu ni kusoma kwa sauti, jioni, kwa wazee wa nyumbani. Waliposikia jinsi Myombekere anavyokwenda ukweni kumfuata mkewe aliyerudishwa kwao kwa sababu ya maneno ya ndugu wa mume kuhusu utasa, na jinsi anavyotakiwa kupeleka pombe ya ndizi ili arudishiwe mke, walianza kubishana kana kwamba kesi iko barazani kwetu. Mwandishi hana haraka ya kutuambia kwamba mume huyu anampenda mkewe. Anatuonyesha ndizi zikivundikwa na pombe ikitengenezwa hatua kwa hatua, na kazi ile inapokwisha umeshajua kiasi cha mapenzi yenyewe. Wanafunzi wako wanaotoka kwenye migomba ya Heru na Buhigwe watayaelewa hayo kabla yako, ukiwasomea sura moja tu darasani.

Kwa kuwa umeuliza habari ya kukwama, nitaongeza kwamba kilichonichelewesha zaidi mwaka huu ni kitabu chembamba. Nagona ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1990, ni fupi sana, na mwandishi wake ni mtu wa Ukerewe kama Kitereza, lakini waandishi hawa wawili hawakutani popote njiani. Sentensi za Nagona ni nyepesi kuzisoma, na maana yake huhama kila unapodhani umeishika. Niliisoma, nikairudia. Sikuipenda kwa namna nilivyompenda Myombekere. Niliiheshimu, kwa sababu ilinikatalia usomaji wa kivivu ambao riwaya nyingi huniruhusu.

SWALI: Dada mpendwa, binti yangu wa kidato cha pili ameikuta Rosa Mistika kabatini na ameanza kuisoma. Nasikia iliwahi kupigwa marufuku. Nimnyang'anye? (Mama, Mwandiga)

JIBU: Usimnyang'anye, dada yangu. Ni kweli kwamba riwaya hii ya Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971, ilizuiwa mashuleni kwa muda, kwa sababu inaeleza waziwazi maisha ya msichana anayeangukia mikononi mwa wanaume. Nimeirudia mwaka huu nikiwa mtu mzima, na nimeiona tofauti kabisa na nilivyoiona nikiwa msichana. Wakati ule nilifuata makosa ya Rosa. Sasa nimemfuata baba yake, Zakaria, mlevi anayempiga bintiye kwa ajili ya barua ya mvulana, kisha anamwacha aende shule bila neno moja la kumsaidia kuielewa dunia. Kitabu kinasema kwa sauti kubwa kwamba ukali uliofungia mlango haukumlinda mtoto. Kina mwisho wa huzuni kubwa, mtu kujitoa uhai, kwa hiyo usimwache peke yake nacho. Kisome wewe kwanza, hata kwa siku mbili, kisha mwulize binti anamwonaje Zakaria. Naamini mtazungumza mambo ambayo bila kitabu hicho mngeyaahirisha kwa miaka.

SWALI: Vitabu hivi vinapatikana wapi kwa sisi wa wilayani? (Msomaji, Kibondo)

JIBU: Anza na maktaba ya mkoa na makabati ya shule za sekondari, ambako riwaya za zamani husahauliwa zikiwa salama kabisa. Peponi inaweza kuagizwa kwa mchapishaji wake Dar es Salaam. Chapa ya 1980 ya Kitereza ni adimu. Ukiipata kwa mtu, omba kuazima, na uirudishe.

SWALI: Mama, kwetu ni kando ya ziwa, kaskazini ya mji, karibu na Gombe. Kuna haja gani ya kusoma kitabu cha Jane Goodall kutuambia habari za msitu ambao babu zetu waliujua? (Msomaji, Mwamgongo)

JIBU: Swali lako ni la haki, nami nilikisoma nikiwa nalo. Goodall alifika Gombe Julai 1960, akiwa na umri wa miaka 26, pamoja na mama yake, kwa kuwa wakuu wa serikali ya kikoloni hawakukubali msichana akae msituni peke yake. Kitabu chake cha mwaka 1971 kinaeleza miezi ambayo sokwe walimkimbia kila alipowakaribia, mpaka siku alipomwona sokwe mmoja akitumbukiza ujani katika kichuguu na kuwavua mchwa, na baadaye akaona wakikwanyua majani ya vijiti ili vifae kwa kazi hiyo. Wataalamu wa wakati ule walishikilia kwamba kutengeneza zana ni sifa ya binadamu pekee, kwa hiyo habari hiyo iliwalazimu wafikiri upya.

Inawezekana kabisa kwamba wazee wenu waliliona jambo hilo zamani. Goodall aliongeza kitu kingine: aliandika alichokiona, siku kwa siku, akiwapa sokwe majina na kufuatilia nani mama wa nani. Sura zile za kungoja ndizo zilizonipendeza kuliko za ugunduzi. Upungufu wake niliuona pia. Wavuvi wa dagaa na vijiji vya ufukweni wanapita pembezoni mwa kitabu, na mtu asiyeijua Kigoma anaweza kukimaliza bila kujua kwamba watu wa hapa wana lao la kusema kuhusu msitu huo. Wazee wenu wakiwa hai, chukua daftari ukaandike wanayoyajua. Kitabu chenu hicho nitakisoma mara tatu.

SWALI: Mwaka ujao utasoma nini, nasi tufuatane nawe? (Kikundi cha wasomaji, Mwanga)

JIBU: Nitasoma tamthilia, kwa kuwa mwaka huu niliziacha kabisa. Nimeweka mezani mbili za kusomwa pamoja: Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyotoka mwaka 1969, na tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya Julius Caesar ya Shakespeare, ambayo kwa mara ya kwanza ilitoka mwaka 1963, na baadaye ikarekebishwa na kuitwa Juliasi Kaizari. Moja inatoka katika vita vya Maji Maji na nyingine Roma, lakini zote zinamweka kiongozi mbele ya watu wanaotaka kumwamini, na nina hamu ya kuona zitabishana wapi. Kwa kuwa ninyi ni kikundi, gawaneni wahusika na msome kwa sauti. Kinjeketile ni fupi na inamalizika katika vikao vichache. Nitaanza nayo mwezi Januari. Barua zenu zikinifikia kabla ya mwisho wa Februari nitazijibu katika toleo la Machi, pamoja na za wengine watakaoisoma.